Mafundi, uvungu wa nyumba si sufuria ya wali

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wa barua, na kama ni ndefu kateni mnapotaka lakini tafadhali msikate pale kwa matundu ya hewa manake hapo ndipo pesa yangu iliendea.

Naishi Lang'ata, nyumba ya marehemu baba, ya mawe, ya kitambo, na sakafu yake ni ya mbao iliyoinuliwa juu ya vinguzo vya mawe, si kama hizi za siku hizi simiti inamwagwa moja kwa moja juu ya hadikoo, yale mawe ya kushindilia chini. Kwa hivyo chini ya sebule na vyumba kuna uvungu, kama ule wa kitanda tu, huwezi kusimama lakini unaweza kuingia ukitambaa kwa tumbo, na waliojenga waliacha matundu yenye wavu kwa ukuta huko chini, kumi na manne, ili hewa ipite. Tukiwa watoto tulikua tunamtuma kitinda mimba wetu huko kutafuta mipira na mayai ya kuku aliyetaga kwa siri, na hakuna siku hata moja nilisikia baba akiongea juu ya uvungu, ulikua tu hapo.

Shida ilianza na ile mvua ya El Niño ya mwisho wa 2023. Nyumba ikaanza kunuka, si harufu kali, ile ya nguo zilizoanuliwa kabla hazijakauka alafu zikakunjwa. Nyuma ya kabati ukungu wa kijani. Viatu vya ngozi vikiwekwa wiki mbili vinaota manyoya. Nikafanya kile kila mtu Nairobi hufanya, nikanunua rangi. Nikapaka, miezi miwili ikabambuka, nikapaka tena ile ya kusema ni ya kuzuia maji, nayo ikavimba kama chapati.

Sasa jirani akaniletea fundi. Sitamtaja, na kampuni yake sitaitaja, hii barua si ya kumchafulia mtu jina. Alikuja na simu akanionyesha video ya Marekani, uvungu mweupe unang'aa kama wodi ya hospitali, hakuna udongo unaonekana, akaniambia, "Mama, hii inaitwa enkapsulesheni, ni teknolojia, unafunga uvungu wote unasahau." Shilingi 85,000, nusu kwanza. Mimi nikaona hapo sasa ndio kuna mtu amesoma.

Januari 2024 walifanya siku mbili. Siku ya kwanza walitandika karatasi ya nailoni, ya pili wakaziba yale matundu yote kumi na manne kwa simiti na wakapaka rangi juu, ukuta ukapendeza kweli, nikapiga picha nikatuma kwa grupu ya familia.

Alafu ikaja mvua ya Machi mpaka Mei, ile ya 2024, ile ya mafuriko ya Mathare na watu kuhamishwa kando ya mito, hakuna mtu wa Nairobi amesahau. Huku kwetu udongo ni ule mweusi, black cotton, ukinyeshewa unashikilia maji kama sifongo na hauyaachilii. Kufika Agosti mlango wa chumba cha nyuma ulikua haufungi, mbao za sebule zimejikunja pembeni kiasi kwamba ukipita bila viatu unasikia kila ubao na mgongo wake, na mjukuu wangu mwenye pumu anakohoa usiku kuliko mwaka uliopita. Sisemi ni uvungu tu ulimkohoza, daktari mwenyewe alisema tu kwamba ukungu hausaidii mtoto kama huyo.

Septemba nikachukua nyundo nikavunja tundu moja. Mhariri, hewa iliyotoka hapo ilinigonga usoni kama mtu amefungua gunia la viazi lililosahauliwa stoo. Kijana anayenisaidia kwa shamba akaingia kwanza na tochi ya simu, mimi nikamfuata kwa tumbo na umri wangu huu, na nilichokiona ndicho kimenifanya niandike. Ile karatasi ilikua nyembamba, inaonyesha udongo chini yake, vipande havijapandana, vimekutanishwa tu ncha kwa ncha na kubandikwa kwa selotepu ya kahawia ile ya kufungia maboksi, na ilikua imeshabanduka yote. Haikufika hata ukutani. Juu yake kulikua na vidimbwi vya maji, na juu yetu, chini ya mbao za sakafu, matone yamening'inia kwa safu, moja moja, ukigusa ubao yanakuangukia shingoni. Nikabonyeza boriti moja na kidole, kidole kikaingia. Kiliingia kama kwa mkate uliochovywa chai.

Nikampigia mtoto wa kaka yangu. Yuko Raleigh, North Carolina, miaka sasa, na kazi yake ni hiyo hiyo ya uvungu, anatambaa chini ya nyumba za watu kila siku. Nikamwonyesha kwa kamera. Alinyamaza kidogo, akasema, "Shangazi, hii si enkapsulesheni. Hapa umefungiwa maji ndani."

Alinieleza kwa saa nzima na nitajaribu kufupisha, hapa ndipo nilisema msikate.

Ile kazi ya Marekani ni kitu kimoja chenye sehemu nyingi, huwezi chukua moja uache zingine. Kwanza maji ya mvua yanaondolewa nje, yasikaribie msingi. Pili uvungu unakaushwa kabla haujafungwa. Tatu udongo wote unafunikwa na plastiki nzito, kanuni za ujenzi za huko zinataka angalau milimita 0.15 na mafundi wazuri wanaweka nene zaidi ya hiyo, vipande vinapandana inchi sita na kufungwa kwa tepu ya kazi hiyo, alafu inapanda ukutani na kwa kila kinguzo. Ndio sasa matundu yanazibwa. Na ukishaziba, hapa ndipo fundi wangu aliruka, ni lazima uweke kitu cha kukausha hewa ya huko chini, ama feni inayotoa hewa saa zote, ama hewa kutoka ndani ya nyumba, ama dihumidifaya, ile mashine ya stima ya kutoa unyevu kwa hewa. Hiyo si hiari, iko kwa kanuni zao. Wanaacha pia kama inchi tatu za ukuta bila kufunikwa huko juu ili mtu wa mchwa aone kama kuna njia za udongo zinapanda, na kwa sisi wa mchwa wa Kenya nadhani hiyo peke yake ingefaa kuandikwa kwa mawe.

Mimi nilipewa plastiki mbovu na matundu kuzibwa. Basi. Ni kama umepika wali ukafunika, moto bado uko chini, alafu unashangaa kifuniko kinatiririka maji.

Lakini kuna jambo lingine, na hili mtoto wa kaka yangu mwenyewe alikubali baada ya kubishana kidogo. Nilimuuliza, kwani hao Wamarekani waliziba matundu kwa nini, si wazee wao pia walikua wanayaacha wazi kama baba zetu? Akasema ndio, walikua wanayaacha, ilikua sheria kabisa, mpaka wakagundua kwamba huko kwao kusini, wakati wa joto, hewa ya nje ni moto na imebeba maji mengi sana, ikiingia uvunguni kwenye ubaridi inatoa jasho. Tundu lililowekwa la kukausha linaleta maji. Chukua chupa ya soda baridi uiweke mezani Mombasa mwezi wa tatu, dakika tano meza imelowa. Carolina mwezi wa saba ni kama hivyo, hewa ya huko inaanza kutoa maji ikiguswa na kitu chenye digrii 20 hivi, na udongo wa chini ya nyumba uko hapo hapo.

Sasa Nairobi. Tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni kavu zaidi na baridi zaidi, hata wakati wa masika mara nyingi haitoi maji mpaka ishuke chini ya digrii 17, na ile miezi ya baridi, Julai, hata chini ya hapo. Udongo chini ya nyumba unakaa karibu na joto la wastani la mji, digrii kumi na nane, kumi na tisa. Kwa hivyo hewa ikipita kwa matundu yetu haina sababu kubwa ya kutoa jasho huko chini. Maji yetu hayaji na upepo, yanatoka kwa udongo wenyewe na kwa mvua ya paa. Ile nusu ya dawa yao ambayo ni ya hewa sisi hatuihitaji sana, ile nusu ya udongo ndio tunaihitaji kabisa. Fundi wangu alichukua ile hatuhitaji akaifanya vizuri, alafu ile tunahitaji akaifanya na selotepu.

Sisemi hakuna nyumba Nairobi inafaa kufungwa kabisa, pengine iko, ya mtu ambaye ana pesa ya dihumidifaya na tokeni za kuiendesha usiku na mchana na stima isiyopotea. Mimi sina hiyo tokeni.

Hebu niongee kidogo juu ya gata, ile mifereji ya kukinga maji ya paa, manake hapo nilijidharau mwenyewe. Paa langu ni kama mita mraba 120. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ni lita moja, hesabu ya darasa la sita. Mvua ya milimita 40 kwa jioni moja, na hiyo tumeiona mara ngapi, ni lita 4,800. Sasa gata yangu ya upande wa nyuma ilikua imeoza pale kwa kona, na bomba lake la kushuka lilikatikia juu ya ardhi, karibu kabisa na ukuta. Karibu nusu ya maji ya paa, miaka mingi, yamekua yakimwagwa mguuni mwa nyumba yangu na mimi napaka rangi sebuleni. Na chumba kilichooza zaidi ni kipi? Cha nyuma. Fundi wa video hakuangalia juu hata mara moja, yeye alikua anaangalia uvungu.

Nilichofanya baadaye, kwa kifupi. Nilivunja matundu yote nikaweka wavu mpya wa panya. Karatasi ya kwanza ikatolewa, maji yakachotwa kwa kopo, ndio, kwa kopo. Gata mpya, bomba likapelekwa kwa tangi na mfereji wa ziada ukatoka mita mbili mbele ya ukuta. Nje tukachimba tukajaza udongo ukapigwa ukateremka kuelekea nje, zamani ulikua umelalia nyumba. Alafu nikangoja. Hapo wengi wanashindwa, nami nilikua karibu kushindwa, nikangoja Desemba ipite, nikangoja Januari na Februari jua likikausha, na mtoto wa kaka yangu alinitumia na mtu aliyekua anakuja nyumbani kamita kadogo ka sindano mbili, unadunga kwa mbao kanakuambia unyevu ni asilimia ngapi. Boriti ya chumba cha nyuma Septemba ilisoma 31. Ikizidi 20 anza kuogopa, ikikaribia 30 kuvu wa kuozesha mbao yuko nyumbani kwake. Februari ilisoma 18, ndio nikatandika plastiki, safari hii geji 1000 ile ya kuweka chini ya slabu, yaani sakafu ya zege, unene wake ni robo milimita, inauzwa hadiwea yoyote, vipande vikapandana futi moja, vikapanda kwa vinguzo, vikawekewa mawe juu visihame. Matundu nikaacha wazi. Boriti zilizooza zikabadilishwa na saipresi iliyotiwa dawa. Yote pamoja na wavu, plastiki na fundi wa siku haikufika zile 85,000, ukitoa gata.

Mkaaji wa fleti atasema haya hayamhusu. Yanamhusu kidogo. Ile geji 1000 inatakiwa iwe chini ya slabu yake pia, na nimeona kwa macho yangu kwa mtaa huu ikitobolewa na wilibaro siku hiyo hiyo ya kumwaga zege na hakuna anayejali, na pale ukuta na msingi hukutana dipisi, ule utepe wa kuzuia maji yasipande ukutani, inasahaulika, ndio unaona rangi inabambuka kwa futi mbili za chini na chumvi nyeupe imetoka kama unga. Kama hujui maji yanatoka wapi, chukua kipande cha plastiki angavu, kama futi moja na nusu kila upande, kibandike kwa tepu pande zote nne juu ya sakafu au ukuta, ngoja siku nzima. Matone yakiwa upande wa ndani, chini ya plastiki, ni ardhi au ukuta unatoa maji. Yakiwa nje juu yake, ni pumzi na sufuria za mle ndani, basi fungua dirisha.

Na jambo moja lisilohusu unyevu lakini nimeliona kwa nyumba mbili za majirani: watu wanaficha mitungi ya gesi kwenye uvungu ili isiibiwe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini. Ukiwa umeziba matundu, inalala hapo ikikungoja. Toeni hiyo mitungi leo.

Ninachoomba kwenu Mhariri ni kwamba mnapochapa zile kurasa za nyumba na ujenzi, muulizeni anayeandika hiyo teknolojia ilitoka mji upi na hewa ya huko ikoje. Na kwa wasomaji, fundi akija na hilo neno enkapsulesheni, mwambieni aandike kwa karatasi, plastiki ni geji ngapi, inapandana kiasi gani, inapanda ukutani mpaka wapi, gata zitafanywa nini, na kama anaziba matundu basi ni kitu gani kitakausha hewa na nani atalipia stima. Wangu nilimpigia nikamuuliza hilo la mwisho tu. Alisema, "Mama, hiyo ilikua package ingine."

Boriti sasa zinasoma 15, 16 hivi, hata baada ya mvua. Harufu imeisha sebuleni. Chumba cha nyuma bado, mbao nne za sakafu nimezing'oa ziko zimeegemezwa ukutani, na fundi wa mbao ameahidi kuja Jumamosi akimaliza kazi ya mtu mwingine Rongai, ile Jumamosi aliyoahidi pia mwezi uliopita.

Wenu msomaji,
Shangazi wa Lang'ata,
Nairobi